Nzi Hahesabu Msimu: Tulitunze Dungu na Dago Kama Nyumbani



Wapenzi wasomaji, mwezi huu tumeamua kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, hata wengine hulichekea. Nalo ni nzi wadogo wanaojaa katika makazi ya muda: katika madungu ya bonde la Rufiji na katika madago ya wavuvi kule delta. Mtu akilalamika juu ya nzi hao huambiwa, "Ni nzi tu, ukirudi kijijini utawaacha huko huko." Sisi hatukubaliani na jibu hilo, na tunaomba nafasi ya kueleza sababu zetu.

Tuanze na jambo tulilokutana nalo wenyewe. Wakati wa kuamia ndege tulikwenda na wenzetu wa huduma ya afya kuwatembelea wakulima mashambani, upande wa Kibiti unaoshuka mtoni. Tulimkuta mama mmoja katika dungu lake pamoja na watoto watatu. Nzi wadogo walikuwa wakielea juu ya sufuria ya wali, kwenye mdomo wa ndoo ya maji, na pembeni mwa macho ya kitinda mimba wake. Mtoto huyo alikuwa akihara kwa siku ya nne.

Mama alitueleza kwamba yeye hakukaa tu akitazama. Majuma mawili kabla ya siku ile alinunua dawa iliyokuwa imetiwa katika chupa ya soda, isiyo na maandishi yoyote. Aliambiwa ni dawa ya mikorosho, na kwamba inaua kila mdudu. Jioni akaipuliza ndani ya dungu. Nzi walianguka kama mchanga, naye akafurahi, wakalala. Usiku wa manane mtoto wake wa miaka minne akaanza kutokwa jasho na udenda, akatapika, kisha akawa anapumua kwa shida. Jirani alimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati, na kwa neema ya Mungu mtoto akapona. Siku ya tisa baada ya hapo nzi walikuwa wamerudi, wengi kama zamani.

Hatusimulii habari hii ili kumwaibisha mama huyo. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alipigana na adui wa kweli, ila alipewa silaha isiyofaa, na hakuna aliyemweleza adui huyo anazaliwa wapi. Hayo mawili ndiyo tunayotaka kuyasema leo.

"HAPA TUNAPITA TU"

Kwa wasomaji wetu wasiokaa Pwani, yafaa tueleze. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani. Mkulima wa Rufiji huishi humo tangu mpunga unapopandwa hadi unapovunwa, akilinda shamba lisiliwe na ndege, nguruwe na viboko. Zamani watu wengi walikuwa na nyumba zao bondeni kabisa. Mwaka 1969 Serikali iliwahamishia kwenye vijiji vya miinuko, mbali na mafuriko. Lakini mashamba hayakuhama. Udongo wenye rutuba ulibaki bondeni, na mafuriko yakipungua watu hulima mlau katika unyevu uliobaki. Kwa hiyo familia nyingi zina nyumba mbili: moja kijijini, na nyingine shambani ambayo hawaiiti nyumba.

Dago nalo ni kambi ya wavuvi. Ukiteremka Nyamisati ukapanda boti kuelekea Salale, Maparoni, Kiongoroni au Mbuchi, utayaona madago kandokando ya mikoko: vibanda vya makuti na maturubai, chanja za kukaushia samaki, na moshi. Wapo wavuvi wanaokaa huko mwezi mmoja, na wapo wanaokaa miezi sita pamoja na wake na watoto.

Sasa tazama tofauti. Kijijini mtu huyo huyo ana choo, ana shimo la taka, na mke wake hufagia uwanja kila asubuhi. Akifika dungu au dago, choo ni kichakani, maganda hutupwa chini ya sakafu, na vichwa vya kamba na matumbo ya samaki huachwa hapo hapo yalipokatiwa. Ukimwuliza atakujibu, "Hapa tunapita tu." Hili ndilo neno ambalo sisi tunalipinga. Mtu akikaa mahali miezi mitano, akapika hapo, akalala hapo, na mtoto akajifunza kutambaa hapo, huyo hapiti. Amehamia.

Nzi hajui kama dungu ni la msimu. Yeye hahesabu misimu, anahesabu siku.

HESABU YA NZI

Nzi wa kawaida hutaga mayai yapata 100 hadi 150 kwa mara moja, na hutaga mara kadhaa katika maisha yake mafupi. Katika joto la Pwani mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula kwa siku nne au tano, kisha huhama kutoka kwenye taka, hujichimbia katika udongo mkavu ulio karibu, na humo hugeuka kuwa nzi. Kazi yote hiyo humalizika kwa siku saba hadi kumi. Wale nzi wadogo sana wa matunda nao huchukua siku nane hadi kumi hivi.

Tukielewa hesabu hiyo tutaelewa mambo mawili. La kwanza ni kwamba dawa ya kupuliza huua nzi wanaoruka leo tu. Mayai na funza walio chini ya maganda haiwafikii. Ndiyo maana nzi wa yule mama walirudi siku ya tisa. Hawakutoka mbali, walikuwa wamezaliwa chini ya sakafu yake.

La pili ni kwamba usafi wa mara moja kwa mwezi haumwondoi nzi. Tunao utaratibu wa kitaifa wa kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nao ni mzuri, tunauunga mkono. Lakini katika mwezi mmoja nzi amekwisha kupata watoto, wajukuu na pengine vitukuu. Hata usafi wa mara moja kwa wiki hautoshi, kwa sababu funza wa siku ya tano amekwisha kuhama na kujificha udongoni. Anayeondoa taka siku ya nane anaondoa sahani tupu. Mlaji amekwisha kuondoka. Ndiyo sababu katika nchi za joto wataalamu hushauri taka ziondolewe angalau mara mbili kwa wiki.

TUWAJUE KWA MAJINA

Watu wengi huwaita wote "nzi wadogo", lakini hawazaliwi mahali pamoja. Usipomjua adui wako utampiga asiyehusika.

Kwanza ni nzi wa matunda. Hawa ni wadogo mno, rangi ya kahawia, wengi wao wana macho mekundu, nao huelea juu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi, mabibo, ndizi, tembo na chochote kinachochacha. Msimu wa maembe na korosho huwa wengi sana Kibiti nzima. Wasichanganywe na wale nzi wakubwa zaidi wanaodunga embe likiwa bado mtini na kulitia funza. Wale ni adui wa mkulima. Aina yao mbaya kuliko zote ilitoka Asia na kugunduliwa hapa Afrika mwaka 2003, kwanza nchini Kenya. Hata hivyo dawa ya kwanza kwa wote wawili ni moja: okota maembe yaliyoanguka, uyafukie.

Pili ni nzi wa majitaka. Hawa wana manyoya, na mabawa yao hukaa mfano wa paa la nyumba. Hukaa ukutani wakati wa mchana, nao huruka kidogo kidogo tu. Huzaliwa katika utelezi mweusi: mahali unapomwaga maji ya kuoshea vyombo na samaki, chini ya pipa la maji, na kwenye ukingo wa shimo la choo lenye majimaji.

Tatu ni nzi wa macho. Huyu hufanana na nzi wa nyumbani ila ni mdogo kidogo, na hupenda unyevu wa macho na pua za watoto. Huyu ndiye anayebeba vijidudu vya trakoma, ugonjwa wa macho ambao ukirudiarudia hugeuza kope ndani, nazo zikakwaruza jicho hadi likapofuka. Yeye hupenda kutaga juu ya kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Wazazi, tulitafakari neno hilo. Nzi anayetua kwenye jicho la mtoto wako, mara nyingi alizaliwa katika kinyesi kilichoachwa nyuma ya kichaka.

Nne ni usubi, ambao kwa kweli si nzi wa uchafu. Ni wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri, na wavuvi wa delta wanawajua vizuri. Wanazaliwa katika tope la mikoko. Hakuna fagio wala dawa itakayowamaliza, na asitokee mtu wa kukata mikoko kwa sababu yao. Mikoko ya delta ya Rufiji, yapata hekta 53,000, ndiyo inayolea kamba na samaki tunaowategemea. Usubi tuwaepuke tu: kibanda kijengwe mahali penye upepo, kwa maana hawawezi kuruka upepo ukivuma, jioni tuvae nguo ndefu, tupake mafuta ya nazi miguuni kama wazee wetu walivyofanya, na tulale katika chandarua chenye dawa. Matundu ya chandarua ni makubwa kwa usubi, lakini dawa yake husaidia, na malaria hatuwezi kuisahau.

Ukitaka kujua nzi wako wanatoka wapi, kuna njia rahisi. Jioni funika mahali unapopashuku kwa bakuli la kioo au chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa, ukizibe kingo kwa udongo. Asubuhi tazama ndani. Ukikuta nzi wamenaswa, hapo ndipo wanapozaliwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

SUMU YA SHAMBA SI DAWA YA NYUMBA

Sasa tuseme juu ya chupa ile ya soda. Dawa nyingi za kupulizia mikorosho, mboga na mazao mengine ni sumu zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Zimetengenezwa kwa ajili ya shamba lililo wazi, zipulizwe na mtu aliyejifunika, kisha shamba liachwe kwa siku kadhaa. Dungu ni chumba kimoja, na ndicho hicho jiko, chumba cha kulala na ghala la chakula. Sumu hubaki katika mkeka, katika unga, na katika vidole vya mtoto anayetambaa.

Wapo pia wanaonyunyiza sumu juu ya samaki ili nzi wasitue wakati wa kukausha. Huko ni kumwuzia mwenzako kifo kwa fungu. Tusisahau yaliyotokea mwaka 1999, Jumuiya ya Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zilizotumika kuvulia. Waovu walikuwa wachache, lakini njaa iliwapata wengi waliokuwa waaminifu.

Mtu akidhurika kwa sumu ya namna hii hutokwa jasho jingi na udenda, hutapika, huhara, mboni za macho hupungua zikawa kama ncha ya pini, misuli hutetemeka, na pumzi huwa ngumu. Ukiona dalili hizo fanya haraka. Mtoe mgonjwa mahali penye sumu. Mvue nguo zilizoloa, umwoshe mwili kwa maji mengi na sabuni, wewe mwenyewe ukijikinga mikono. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Mpeleke hospitali mara moja, na ichukue chupa ya dawa hiyo ili mganga ajue anapambana na nini. Dawa ya kuokoa maisha ipo, lakini haingoji.

Tuwe wakweli hapa. Si kwamba kupuliza hakupunguzi nzi. Katika utafiti mmoja uliofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2004, vijiji vilivyopulizwa dawa na wataalamu vilipungukiwa na nzi wa macho kwenye nyuso za watoto kwa asilimia 88, na vijiji vilivyojengewa vyoo kwa asilimia 30. Mtu anaweza kutuambia, "Basi dawa imeshinda." Tunamjibu kwamba dawa ile ilikuwa maalumu, ilipulizwa na watu waliofundishwa, tena kwa kurudia bila kukoma. Ikikoma, nzi hurudi. Choo kikishajengwa kinafanya kazi hata usiku umelala. Nani atapeleka pampu na wataalamu kila mara kwenye dago lililo mwisho wa mkondo wa bahari? Koleo lakini lipo katika kila dungu.

YA KUFANYA

Haya tunayoyapendekeza hayahitaji fedha nyingi.

Choo kwanza. Mahali pakavu pasipofikiwa na maji ya mto wala ya bahari kujaa, lichimbwe shimo, mbali na kisima au mahali pa kuteka maji hatua zisizopungua 40. Kama msimu ni mfupi, hata handaki fupi linatosha, ila kila mtu akimaliza afunike kwa udongo na jivu. Jivu la jikoni msilitupe. Liwekeni katika kopo pale chooni. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni, maana si kweli kwamba hakina madhara. Mahali ambapo maji yapo karibu na uso wa ardhi, kama ilivyo sehemu nyingi za delta, choo kiinuliwe juu ya kichuguu cha udongo kilichoshindiliwa. Shimo likikaribia kujaa, lifukiwe na kuchimbwa jingine.

Kwenye dago linalotumika kila mwaka, wavuvi washirikiane kujenga choo chenye bomba la hewa. Bomba husimama juu kupita paa, na mdomoni hufungwa wavu. Ndani ya choo pawe na giza. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bombani, wakakwama kwenye wavu na kufa humo. Njia hii ilijaribiwa katika miaka ya 1970 katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Kwa siku 78 walinasa nzi 13,953 waliotoka katika choo kisicho na bomba, na katika choo kama hicho chenye bomba wakanasa 146 tu. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Pili, taka. Maganda na mabaki ya chakula yaondolewe kila siku, na mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi, pasafishwe kabisa chini ya dungu. Vichwa vya kamba, matumbo ya samaki na maembe yaliyooza vifukiwe chini ya nusu mita, na udongo ushindiliwe kwa miguu. Udongo uliolegea haumzuii nzi mchanga, hupenya akatoka.

Tatu, maji machafu. Msimwage maji ya vyombo mahali pamoja siku zote. Chimbeni kishimo, mkijaze mawe au vifuu vya nazi, maji yapotelee humo. Utelezi uliokwisha kujengeka usuguliwe kwa fagio gumu na maji ya moto.

Nne, samaki. Waoshwe vizuri, watiwe chumvi ya kutosha, na waanikwe juu ya chanja iliyo wazi kwa upepo, wala si chini mchangani. Wafunikwe kwa wavu safi usio na dawa. Chandarua cha mbu si cha samaki, wala si cha kuvulia.

Tano, mtego. Kwa nzi wa matunda waliobaki, weka kipande cha embe bivu au siki kidogo katika kopo, tia maji na tone la sabuni ya maji, halafu ziba mdomo kwa karatasi iliyokunjwa mfano wa faneli yenye tundu dogo. Wataingia, hawatatoka. Lakini mtego ni msaidizi tu. Anayetega nzi huku maganda yamejaa chini ya sakafu anafua nguo tope zikiwa bado miguuni.

Sita, mtoto. Anawishwe uso kila asubuhi na jioni. Jicho safi halimwiti nzi. Sote tunawe mikono kwa sabuni au jivu kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mtoto akihara, msimnyime maji wala ziwa la mama. Kama pakiti ya dawa ya maji chumvi haipo, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mkoroge na kumnywesha kidogo kidogo. Apelekwe zahanati, ambako atapewa pia vidonge vya zinki. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani, au kuna damu katika choo chake, msingoje kesho.

NANI AANZE?

Hapa tunataka kusema wazi maoni yetu. Katika mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na matunda yake hatujayasahau. Miaka ya karibuni tumesikia pia wito wa Nyumba ni Choo. Wito huo ni wa kweli. Tunachouliza ni hiki: je, dungu si nyumba? Dago si nyumba? Bwana Afya anapohesabu vyoo huhesabu vya kijijini, na huenda akakuta kila kaya inacho. Anaandika kwamba kazi imekamilika, wakati nusu ya kijiji ipo bondeni kwa miezi mitano ikijisaidia vichakani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba serikali za vijiji ziyahesabu madungu na madago kama makazi, na zipange siku ya kuyatembelea kabla ya msimu kuanza. Vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe visiruhusu dago jipya kabla choo hakijachimbwa. Na ninyi wenye vyombo, mnaowapeleka vijana baharini: mnawapa nyavu, mafuta na barafu. Ongezeni koleo, ndoo na sabuni. Mvuvi anayehara havui.

Tukumbuke pia kwamba makazi ya muda si ya kuchagua siku zote. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, maelfu ya watu wakaacha mashamba na nyumba zao, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafuata. Siku kama hizo watu hujikuta katika mahema na madarasa, wengi mahali padogo. Waliozoea kuchimba choo wakifika mahali, kabla hata ya kutandika mkeka, hao ndio watakaowaokoa wenzao. Desturi hiyo haipatikani siku ya mafuriko. Hujengwa katika dungu.

Kuhusu sisi Wakristo, Maandiko Matakatifu hayakunyamaza. Wana wa Israeli waliishi katika mahema jangwani miaka mingi, nao pia wangeweza kusema kwamba wanapita tu. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, wanaagizwa kutenga mahali nje ya kambi, kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia, na afukie uchafu wake, kwa sababu Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi yao. Tunaona fundisho kubwa hapo. Mungu hakusema atawatembelea watakapofika kwenye nyumba za mawe. Alikuwa pamoja nao katika mahema. Vivyo hivyo yupo katika dungu la mama yule, na yupo katika dago la mvuvi.

Wenyeji wengi wa Rufiji ni ndugu zetu Waislamu, nao wamefundishwa kwamba usafi ni sehemu ya imani. Katika jambo hili hatuna la kubishana. Nzi haulizi mtu anasali wapi. Hutoka kinyesi cha huyu akatua kwenye sahani ya yule. Basi Jumuiya Ndogo Ndogo zenye familia mashambani zisingoje wenzao waanze. Waende kwa majirani, wachimbe pamoja choo cha madungu matatu au manne, na wapeane zamu ya Jumatano na Jumamosi.

Yule mama tulimwacha akiwa na koleo mkononi na kopo la jivu. Ile chupa ya soda alimkabidhi Bwana Afya. Tuliporudi baada ya majuma matatu nzi hawakuwa wamekwisha wote, maana jirani zake wawili walikuwa bado hawajachimba. Lakini sufuria ya wali ilikuwa na kifuniko, macho ya mtoto yalikuwa makavu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwahimiza wale jirani. Alituambia neno moja ambalo tungependa kila mwenye dungu na dago alichukue: kwamba zamani alikuwa akisema "nikirudi nyumbani", na sasa anasema "nikirudi kijijini", kwa sababu nyumbani ni pale walipolala watoto wake.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.